Joto la Mgongoni mwa Pano: Ushauri kwa Wenye Sola wa Baraka na Fizi

Panda juu ya paa saa saba mchana, mwezi wa Agosti, uweke kiganja nyuma ya pano iliyolala juu ya mabati. Utakitoa upesi. Joto hilo uliuziwa pamoja na pano, hakuna aliyekutajia, na kila mchana linakula sehemu ya umeme uliolipia.

Pano ya kawaida inageuza asilimia 15 hadi 20 tu ya mwanga unaoiangukia kuwa umeme. Kidogo huakisiwa kikarudi angani. Kilichobaki chote ni joto. Nayo silikoni haipatani na joto: kwa kila digrii moja inayozidi 25, pano hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake, za zamani zikipoteza zaidi kidogo na za kisasa pungufu kidogo. Zile wati 100 au 250 zilizoandikwa kwenye kibandiko zilipimwa maabara, seli zikiwa kwenye digrii 25. Juu ya mabati ya Baraka, mita 770 na ushee kutoka usawa wa bahari, kando ya Ziwa Tanganyika lenye hewa ya vuguvugu mwaka mzima, seli hizo hufika digrii 65 bila taabu. Toa 25, zidisha kwa 0.4, na asilimia 16 imekwenda. Pano ya wati 100 imebaki na 84, na vumbi la barabara ya Uvira bado hatujalitaja.

Dawa inayopendekezwa na vitabu ni pano mseto. Hewa inapitishwa kwenye mfereji nyuma ya pano, inachukua joto, pano inapoa na kutoa umeme zaidi, na hewa iliyopata moto inakwenda kufanya kazi nyingine. Si jambo jipya. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, kilijenga nyumba iliyoitwa Solar One, ambayo paa lake lilitoa umeme huku hewa iliyopita chini ya pano ikipasha vyumba. Wao walikuwa na baridi ya kufukuza. Baraka hakuna anayetaka kupashiwa chumba moto. Lakini tuna ndagala, mihogo, karanga na mahindi ya mbegu, vitu vinavyooza au kuota ukungu kwa mvua ya alasiri moja, na hapo ndipo pano mseto inapopata kazi huku kwetu.

Nitasema mapema ninachoamini, ili asiye na haja aokoe muda wake: ukitafuta umeme peke yake, feni haikulipi. Chukua pano ya wati 250. Mfereji mzuri ukiipoza kwa digrii 10, umerudishiwa asilimia 4, yaani wati 10, tena jua likiwa kali kabisa. Feni mbili ndogo za volti 12, zile za kompyuta, hula wati 6 hivi. Umebakiwa na wati 4, balbu moja ndogo. Hakuna haja ya kumwita seremala na fundi kwa ajili ya balbu moja.

Sasa geuza hesabu upande wa joto. Pano hiyo ina ukubwa wa mita za mraba 1.6 hivi. Jua la wati 800 kwa kila mita ya mraba huiangushia karibu wati 1,300, na umeme ukichukua zake zisizozidi 200, mfereji wa kawaida usio na ufundi mkubwa unaweza kubeba wati 400 hadi 500 za joto. Feni imekula wati 6, nawe umepata mia nne na zaidi. Biashara iko hapo, kwa mwenye kitu cha kukausha. Kinyozi, mwenye duka la kuchaji simu, kituo cha afya chenye friji ya chanjo, nyumba yenye taa nne na redio: hao wasijenge mfereji wowote. Wasome aya chache zinazofuata, watengeneze wanachoweza kutengeneza bure au karibu na bure, wamwachie mengine mama wa ndagala na mwenye ghala.

Jambo la kwanza halihusu hewa kabisa. Tazama regulata, kile kisanduku kinachokaa kati ya pano na betri. Sokoni kuna za aina mbili, PWM ya bei nafuu na MPPT ya bei ghali, na tofauti yao ndiyo inayoamua kama kupoza pano kuna faida au hakuna. Joto haligusi sana ampea za pano, linashusha volti. Pano ya seli 36, tunayoiita ya volti 12, hufanya kazi kwenye volti 18 hivi ikiwa baridi, na 15 hivi ikiwa moto. Betri yako inachajiwa kati ya volti 13 na 14.4. Sasa PWM huishusha pano mpaka kwenye volti za betri, na chochote kilicho juu ya hapo kinatupwa. Volti ulizoziokoa kwa feni na mbao haziifikii betri. Umejenga, umegharamika, na taa zako hazijui kama kuna kilichobadilika. MPPT, kwa upande wake, huiacha pano ifanye kazi kwenye volti zake bora na kugeuza ziada kuwa ampea; huyo ndiye atakayekulipa kila digrii uliyoishusha.

Kupima ni rahisi kwa mwenye multimita. Saa nne asubuhi, jua limeshika na betri haijajaa, pima volti kwenye nyaya za pano zinapoingia kwenye regulata, kisha pima zinazokwenda betri. Ukikuta 13.2 huku na 13.0 kule, hiyo ni PWM, hata kama kasha limeandikwa MPPT kwa herufi kubwa za dhahabu. Pano ikisimama kwenye 16 au 17 na betri iko 13, basi ni MPPT ya kweli. Wasio na multimita wapime kwa mkono: MPPT ya kweli ina koili ya shaba ndani na huwa nzito, iliyo nyepesi kama kasha la sabuni itilie shaka. Na ukiwa na pano kubwa ya seli 60, ya volti 30, uliyoifunga kwenye betri ya volti 12 kwa PWM, unapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Hasara hiyo ni kubwa kuliko joto, vumbi na kivuli vikijumlishwa.

Kuna hali moja tu ambapo joto humwumiza hata mwenye PWM. Nyaya zikiwa ndefu na nyembamba, volti nyingine zinapotelea njiani; ukijumlisha na zilizopotea kwa joto, pano inafikisha 13 na ushee na betri haijai hata siku moja. Fundi atakwambia betri imekufa, ununue nyingine. Kabla ya kumkubalia, mwombe abadilishe waya uwe mnene na mfupi, mpime tena mchana.

Baada ya regulata, inua pano. Wengi huifunga bapa juu ya bati, wengine kwa kuogopa wezi, wengine kwa sababu fundi alitaka kumaliza kabla ya giza. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya bati na mgongo wa pano, na zile mbao za kuinulia zielekee juu na chini kufuata mteremko wa paa, zisilale kukingama. Mbao iliyokingama ni ukuta: hewa ya moto inataka kupanda, nawe umeizibia. Kingo zote nne ziachwe wazi. Kazi hii ikifanywa vizuri inakaribia kuleta kile ambacho feni ingeleta upande wa umeme, na haina kitu cha kuharibika.

Kuhusu mwelekeo, mafundi wanabishana sana, na ubishi wenyewe hauna uzito wanaoudhani. Tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, na pano yenye mteremko mdogo wa digrii 10 hivi haipotezi kitu kikubwa hata ukiielekeza wapi. Nionavyo mimi, mtu wa Baraka aelekeze ukingo wa chini wa pano ziwani, mashariki. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, unaingia wenyewe chini ya pano na kutokea juu. Isitoshe, masika mawingu hujikusanya milimani baada ya adhuhuri na mvua hufuata. Jua la kuaminika ni la asubuhi, na pano inayotazama mashariki inalipata kwanza. Usishuke chini ya digrii 10, maana maji ya mvua yatatuama kwenye fremu na kuacha ukanda wa tope juu ya seli za chini.

Kuhusu kuosha sina mengi ya kusema. Asubuhi, kitambaa laini, bila sabuni, na kamwe si maji baridi juu ya kioo cha saa saba. Ila moja kwa watu wa kando ya ziwa: maji ya Tanganyika yana madini, na yakikaukia kwenye kioo siku baada ya siku huacha utando mweupe. Suuza kwa maji ya mvua uliyoyakinga.

Sasa tuje kwa wenye kitu cha kukausha.

Mfereji unajengwa nyuma ya pano kwa kufunika mgongo wake wote kwa ubao: plaiwudi, au bati bapa lililowekewa makapi ya mpunga kwa nyuma ili joto lisitorokee huko. Upana ni ule wa pano. Kina ndicho kinachowashinda wengi. Ukiacha sentimita 15 hapa, kama ulivyoacha kwa pano ya kawaida, hewa nyingi itapita chini kabisa bila kugusa mgongo wa moto, na utapata upepo mwingi wa vuguvugu usiokausha kitu. Ukiacha sentimita 1, feni itahangaika na hewa haitapita. Sentimita 4 au 5 zinatosha. Kwa pano ya mita 1 kwa mita 1.6, lenga hewa ya mita za ujazo 100 kwa saa. Feni mbili za sentimita 12 huifikisha, na hewa hiyo itatoka kuingia kwenye kabati la kukaushia ikiwa imepanda joto kwa digrii 15 hivi jua likiwa zuri.

Lipo jambo dogo linaloongeza ufanisi bila kuongeza feni. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Patras, Ugiriki, Tonui (jina ambalo msomaji wa Kenya atalitambua mara moja) na Tripanagnostopoulos, walichapisha mwaka 2007 majaribio yao ya pano za hewa. Walining'iniza bati jembamba katikati ya mfereji. Katika jaribio jingine walipachika mapezi ya bati kwenye ukuta wa nyuma. Mgongo wa pano huangaza joto kuelekea lile bati, bati nalo linapata moto, na hewa inayopita inakuta nyuso mbili au tatu za moto badala ya mmoja. Kwa kweli hewa ni mbebaji dhaifu wa joto kuliko maji. Ukimwongezea mahali pa kugusia, anabeba zaidi. Kwetu hii ni kazi ya saa moja: bati bapa lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, likashikiliwa na vipande vya mbao pembeni ili lisiguse mgongo wa pano wala kile kisanduku cheusi cha nyaya. Rangi ikauke kabisa, na siku za mwanzo endesha feni bila chakula hadi harufu iishe.

Feni ikae kwenye mdomo wa kuingilia, isukume, isivute. Kwenye mdomo wa kutokea itakaa ndani ya hewa ya digrii 45 pamoja na mvuke wa samaki, na haitamaliza mwaka. Mdomo wa kuingilia uangalie chini ili mvua isiingie, uwekewe wavu wa mbu. Na feni usiifunge kwenye betri: inunulie pano yake ndogo ya wati 10. Jua likiwa kali, feni inakimbia; wingu likipita, inapunguza; usiku inalala. Hakuna swichi wala mtu wa kukumbuka. Ukiwa na pano kadhaa, usizipange zote kwenye mfereji mmoja mrefu, maana hewa inafika ya tatu ikiwa tayari imechemka na pano hiyo haipozwi na chochote. Mbili kwa mfuatano, basi. Nyingine zipewe mdomo wake.

Kuna mvutano ambao lazima ukubaliane nao tangu mwanzo. Hewa ikienda kasi, pano inapoa vizuri lakini hewa inatoka vuguvugu. Ikienda polepole, inatoka ya moto lakini pano inabaki na joto lake. Huwezi kupata vyote viwili kwa ukamilifu. Kwa kukausha, usitamani hewa ya moto sana. Hewa ya asubuhi kando ya ziwa yenye digrii 24 na unyevu wa asilimia 85, ukiipasha kwa digrii 12 tu, unyevu wake unashuka hadi asilimia 43 hivi. Maji yaliyomo ndani yake ni yale yale, ila sasa ina njaa ya mengine. Hewa hiyo inakausha. Tena samaki aliyepigwa na hewa ya digrii 60 tangu mwanzo hupikika na kuwa mgumu kwa nje huku ndani kukibaki maji, na mbegu za kupanda zikizidi digrii 43 huanza kufa. Pano mseto haifiki huko kirahisi, na kwa kazi hii huo ni uzuri wake.

Ndagala ndio hufikiriwa kwanza na kila mtu, na ndipo penye ndoto kubwa kupita kiasi. Mpango wenyewe unavutia kweli: usiku wa giza wavuvi huvua kwa taa, siku hizi za LED badala ya karabai, na alfajiri wanarudi na vitu viwili, ndagala wabichi na betri tupu. Pano moja ingehudumia vyote viwili asubuhi hiyo hiyo. Lakini piga hesabu. Kilo 10 za ndagala wabichi zina kilo 7 hivi za maji ya kuondoa. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji karibu kilowati-saa 0.67, na katika kabati la kukaushia lililojengwa na seremala, mengine yanapotelea njiani, hivyo weka mara mbili au tatu ya hapo. Pano yetu ya wati 250, kwa saa tano za jua zuri, inatoa kama kilowati-saa 2.2 za joto. Inatoa kilo moja ya maji, moja na nusu ikibahatika. Kwa kilo 10 za ndagala kwa siku unahitaji pano tano hadi saba, na kilo 10 ni nini mbele ya shehena ya mtumbwi mmoja?

Kwa hiyo, mama, usiuze turubai zako. Jua la wazi ni la bure na linakausha maeneo makubwa; anachokosa ndagala wa Baraka ni usafi na wepesi wa kukimbia mvua. Waanike juu ya vichanja vya wavu, si mchangani. Upande wa Burundi FAO iliwafundisha wavuvi njia hiyo, na ndagala wasio na mchanga huuzika vizuri zaidi. Kabati la pano mseto liwe la kumalizia: ndagala aliyekauka nusu saa nane mchana, wingu limetanda juu ya milima, ndiye wa kuingizwa humo. Maji mengi yameshaondoka, yaliyobaki ni machache na ndiyo yanayooza. Pano mbili zinaweza kuokoa mzigo ambao zisingeweza kuukausha tangu mwanzo.

Nafaka ni habari nyingine, na hapa ndipo ningeweka fedha zangu. Gunia la kilo 50 la mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, ukitaka yafike 13 yasiote ukungu ghalani, lina kilo 3 tu za maji ya kutoa. Pano mbili zinalimaliza kwa siku moja au mbili. Karanga vilevile, ingawa hizo ni lazima zishuke hadi 7 au 8, kwa kuwa ukungu wa karanga hutoa aflatoksini, sumu inayoharibu ini na ambayo kupika hakuiondoi. Mbegu za mwakani, maharage, vipande vya mihogo vilivyokwisha kulowekwa na kuanza kukauka juu: vyote vinafaa. Na kalenda inakubali. Siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika, ndagala hakuna na taa hazihitaji kuchajiwa. Kabati lililokuwa la samaki lisafishwe vizuri kwa majivu na maji, lipokee nafaka. Ukishindwa kuondoa harufu, tengeneza trei mbili za kubadilisha, moja ya samaki na moja ya nafaka. Hakuna atakayekula ugali unaonuka ndagala, au tuseme, hakuna atakayeununua.

Nije kwenye mambo yanayoharibu. Usifunike pano kwa kioo cha pili wala nailoni, hata kama umeona michoro yenye kioo hicho. Ni kweli hewa itapata moto zaidi, lakini mwanga unapungua, umeme unapungua, na siku feni itakaposimama saa saba mchana seli zitachemka hadi gundi iliyo ndani ya pano ibadilike rangi na kuwa ya kahawia. Hata bila kioo, mfereji uliozibwa bila feni ni mbaya kuliko pano iliyoachwa wazi. Ndiyo maana ubao wa nyuma uufunge kwa bawaba upande mmoja: feni ikifa, fungua ubao, pano ipumue mpaka fundi apatikane.

Usitoboe fremu ya pano. Dhamana inakufa, na maji yanapata njia. Tumia vibanio na skrubu zinazofunguka kwa mkono au spana moja, na hili lina sababu nyingine ambayo msomaji wa Fizi haihitaji kuelezwa: katika eneo ambalo familia nyingi zimewahi kukimbilia Tanzania na kurudi, kitu kisichoweza kufunguliwa ndani ya nusu saa si mali yako kikamilifu.

Betri isikae kabisa kwenye njia ya hewa hiyo ya moto. Nimeona watu wakiweka kabati la kukaushia na betri chumba kimoja, kisa ni kupunguza urefu wa waya. Betri ya risasi huishi karibu nusu ya umri wake kwa kila digrii 10 zinazozidi 25. Ukiipasha hadi 45 umeifupishia maisha hadi robo, na bei ya betri moja inazidi faida ya karanga za msimu mzima. Iweke sakafuni, kivulini, chumba kinachopitisha hewa, mbali na watoto.

Kwa walioko juu, Fizi na vijiji vya milimani, mambo hubadilika kidogo. Kila mita 1,000 unazopanda hewa inapoa kwa digrii 6 hivi, kwa hiyo pano zenu zina nafuu ambayo mtu wa mwaloni hana. Kuinua pano tu kunatosha, na hasara ya joto si ya kukosesha usingizi. Lakini unyevu wenu wa asubuhi na ukungu wa milimani ni mkubwa, na maharage na mahindi yenu hukawia kukauka. Kwenu joto la pano lina thamani kuliko umeme unaookolewa. Punguzeni kasi ya hewa, tumieni feni moja badala ya mbili, hewa itoke na moto zaidi, na pano haitaumia sana kwa sababu ilianza na ubaridi.

Yeyote anayejenga, ajenge kwanza kwa pano moja na aache nyingine ya aina ile ile kando yake, imelala tu juu ya bati, bila mfereji. Pano yenyewe ni kipimajoto. Zichomoe zote mbili kwenye regulata saa sita mchana, jua likiwa wazi, upime volti za kila moja bila mzigo. Pano ya seli 36 hupoteza karibu volti 0.075 kwa kila digrii. Iliyoandikwa volti 22 ukiikuta na 19, seli zake ziko digrii 65 hivi. Kwa pano ya seli 60 hesabu volti 0.12 kwa digrii. Ya seli 36 yenye mfereji ikiwa juu kwa robo tatu ya volti kuliko mwenzake, umeipoza kwa digrii 10 na kazi ni nzuri. Endelea na zilizobaki. Tofauti ikiwa chini ya nusu ya hapo, hewa haipiti inavyopaswa, na kabla ya kubomoa chochote shuka ukaangalie ule wavu wa mbu kwenye mdomo wa feni, maana wiki mbili za vumbi la kiangazi zinatosha kuuziba.